Matlai (majira ya upepo mdogo baina ya kusi na kaskazi) imeingia, mshipi haushuki Misali, Pemba. Nakosea wapi?

Wesha_Kijana
Asalaam aleikum. Kusi limelala wiki ya pili sasa. Ngalawa ya marehemu baba ilikuwa juu ya magogo tangu Aprili. Nimeziba nyufa, matengo (mbao za ubavuni zinazozuia isipinduke) nimeyafunga upya, juzi nikatoka Wesha kwa tanga mpaka karibu na Misali. Baba alikuwa akinichukua nilipokuwa skuli, lakini kazi yangu ilikuwa kufua maji tu, mshipi akishika mwenyewe.

Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, halikufika chini hata mara moja. Mshipi ulilala ubavuni ukawa unavutwa nyuma. Nimepata changu wawili wadogo, na mara mbili kitu kizito kimenikata, nyuzi safi kama imepitishwa kisu. Ilikuwa mwezi 2, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama. Chambo vibua vya kununua.

Nahodha wa Zamani
Wa aleikum salaam mwanangu, Allah amrehemu baba yako.

Umeshataja tatizo mwenyewe: mwezi 2, hiyo ni bamvua. Siku hizo maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na yote hayo yanapita ukingoni mwa mwamba unapotaka kuvua wewe. Hata ukifunga chubwi la ratili mbili litachukuliwa. Ngoja maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, mwezi 9 mpaka 11, na tena 23 mpaka 25. Chubwi dogo litashuka wima na utamhisi samaki anapoonja. Na hata maji mafu yana saa yake. Mie nilikuwa nikitia nanga nusu saa kabla maji hayajasimama, yakianza kuvuta tena nang'oa.

Aliyekukata naamini ni nguru. Weka waya shibiri moja juu ya ndoana, kibua umtie mzima, na umrambaze ngalawa ikitembea. Usimngoje chini. Ila mshipi wa changu usiutie waya kabisa. Matlai bahari huwa angavu, anaona kila kitu, kwa hiyo tumia nyuzi nyembamba, na alfajiri ndiyo yake. Vibua vya sokoni vimelainika, vinatoka kwenye ndoana. Kipande cha ngisi kinakaa.

Babu yangu alihesabu kumi kumi kutoka siku ya mwaka (Nairuzi), kila kumi ni mwongo mmoja, na mwongo wa 8 ukiingia anashusha chombo. Nami nimefuata hesabu hiyo maisha yangu yote. Lakini mwanangu, vuli nayo iko njiani. Ukiona wingu jeusi limesimama na upepo umekata ghafla, teremsha tanga hapo hapo, samaki waache.

Mchuuzi Mkoani
Kaka, mie nanunua samaki, niseme la kwangu. Kwa tanga, upepo ukikata unaweza kukaa juani saa tatu. Changu akinifikia jicho limezama na shavu limepauka, sina budi kumshusha bei, na inaniuma kwa sababu najua umemhangaikia. Mtoe matumbo huko huko baharini, mfunike gunia lililoroa, barafu uondoke nayo bandarini. Changu wako wawili wakiwa wazima wana thamani kuliko sita waliolegea.

Mtu wa Dago
Umevua upande gani wa Misali? Magharibi kuna sehemu haivuliwi kabisa tangu hifadhi ianzishwe 1998. Kabla hujatia nanga kaulize kamati ya wavuvi ya shehia yako, wakuoneshe mipaka kwa alama za nchi kavu. Samaki wanaozaliana mle ndio wanaotufikia sisi nje, tafadhali tuwaachie.

Wesha_Kijana
Nimewashukuru sana. Nilikuwa mashariki, lakini nitauliza. Leo mwezi 5, basi nangoja mwezi 9. Waya napata wapi? Dukani Chake Chake sijauona.

Nahodha wa Zamani
Fumua waya wa breki ya baskeli, chukua uzi mmoja, upinde kitanzi ncha zote mbili. Hushika kutu upesi, kwa hiyo kila safari ya pili badilisha.