Tangazo langu limeondolewa, la mwenzangu lipo: nifuate kanuni ipi?

Koleo Ndogo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu katika jambo linalonikosesha usingizi, hii ni wiki ya tatu sasa. Ninauza vipuri na zana za kutengenezea simu na kompyuta mpakato katika soko moja la mtandaoni ambalo sitalitaja: bisibisi ndogo, vioo, gundi, betri za kubadilishia, na alkoholi ya isopropili ambayo mafundi huitumia kusafishia bodi. Nimekuwa nikiuza vitu hivyo kwa muda mrefu bila tatizo lolote.

Tangazo langu la betri liliondolewa usiku, na maelezo niliyopewa yalikuwa sentensi moja tu, kwamba bidhaa inakiuka sera ya vitu hatari. Nilipoandika kuuliza, mhudumu wa kwanza alinijibu kwamba betri zinaruhusiwa mradi niambatishe hati, lakini hakusema ni hati gani. Saa chache baadaye mhudumu wa pili akaniambia kwamba betri zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kabisa kwa muuzaji wa ngazi yangu. Ukurasa wa sera wenyewe unasema "zinaruhusiwa kwa masharti" na hautaji ngazi yoyote. Wakati huohuo betri hiyohiyo, yenye picha ileile ya kiwandani, inauzwa na wauzaji wengine kumi na mmoja, nimewahesabu. Kwa upande wa alkoholi, chupa yangu ya mililita 250 imeondolewa, ilhali yangu ya lita moja ipo hadi ninapoandika haya na imeuzwa mara mbili leo asubuhi.

Nina onyo moja tayari, na inasemekana la tatu hufunga akaunti. Je, nikate rufaa, nirudishe tangazo kwa maneno mengine, au niwaripoti hao kumi na mmoja ili haki iwe sawa kwa wote?

Mzigo Hewani

Pole sana, ndugu. Nimefanya kazi ya kufungasha mizigo ya ndege kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia katika uuzaji, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Kinachoitwa "kanuni" hapa ni vitu vitatu vilivyovaa joho moja. Kuna sheria, ya nchi uliko wewe na ya nchi aliko mnunuzi. Kuna masharti ya msafirishaji. Na kuna sera ya soko lenyewe, ambayo mara nyingi huwa kali kuliko hizo mbili kwa kuwa soko haliwezi kufungua kila kifurushi. Bidhaa yaweza kuwa halali kisheria, ikakubaliwa na lori, ikakataliwa na ndege, kisha soko likaiandika "imezuiliwa" bila kukuambia ni mlango upi kati ya hiyo uliofungwa. Usipoujua mlango huo, rufaa yako itabisha hodi ukutani.

Chukua betri zako. Katika usafirishaji, betri ya lithiamu-ioni iliyo peke yake hupewa namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hatari, UN 3480, na iliyo ndani ya kifaa au iliyofungwa pamoja nacho ni UN 3481. Tangu Aprili 2016 zile za UN 3480 hazipakiwi kama mzigo katika ndege za abiria, na zinapopakiwa katika ndege za mizigo chaji yake haitakiwi kuzidi asilimia 30. Naamini wahudumu wako wawili hawakudanganya: mmoja alisoma mstari wa vifaa vyenye betri, mwingine akasoma mstari wa betri tupu, na hakuna aliyekuuliza unauza ipi.

Hati uliyotajiwa nusunusu ni muhtasari wa majaribio ya UN 38.3. Betri hujaribiwa kwa hewa nyepesi kama ya juu angani, kwa joto na baridi za kupokezana, kwa mtikisiko, kwa kishindo na kwa shoti ya makusudi, na tangu Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wanapaswa kuutoa muhtasari huo unapohitajika. Mwombe msambazaji wako. Akisitasita, hapo umejifunza jambo kuhusu betri zake. Ukiupata, linganisha modeli iliyoandikwa humo na ile iliyo kwenye lebo, herufi kwa herufi, kwa maana nimewahi kuona rufaa nzuri ikikataliwa kwa sababu hati iliishia na herufi A na lebo ikaishia na B.

Andika pia wati-saa ndani ya tangazo. Unazidisha volti kwa ampea-saa: betri ya simu ya volti 3.85 na miliampea-saa 4,000 ina wati-saa 15.4, ambazo ziko chini mno ya kikomo cha 100 ambacho juu yake masharti ya usafirishaji huongezeka. Mkaguzi akiona hesabu hiyo haimbidi kukisia.

Njia ya Mkato

Mnajisumbua bure. Badilisha kichwa cha habari, ondoa neno "betri", andika "kipuri cha nishati cha modeli fulani", na upige picha nyingine. Mashine husoma maneno tu. Mimi ninafanya hivyo na ninaendelea kuuza.

Bibi Stoo

Mwanangu Njia ya Mkato, nami nilisema hivyohivyo kabla ya akaunti yangu ya kwanza kufungwa, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa nauza rangi za mbao na vitu vya kung'arishia samani. Tangazo moja liliondolewa kimakosa, kwa kweli kimakosa kabisa, kwa sababu rangi ile ilikuwa ya maji na haikuwa na kimiminika kinachowaka. Badala ya kukata rufaa nililirudisha kwa jina jingine, likaondolewa tena, nikalirudisha mara ya tatu. Nilipokuja kujitetea, hakuna aliyeuliza tena habari za rangi. Kosa lililoandikwa lilikuwa kukwepa ukaguzi, na kwa kosa hilo sikuwa na utetezi, kwa sababu kweli nilikwepa. Fedha za mauzo yaliyokwisha kufika kwa wateja zilizuiliwa kwa siku 90. Nilikuwa na haki mkononi nikaigeuza kuwa hatia kwa mikono yangu mwenyewe, na hadi leo linaniuma kuliko hasara.

Pia mfikirie mbebaji. Kipuri cha nishati ni nini kwa mtu anayepanga mizigo? Betri ikifichwa jina hupakiwa pasipostahili.

Koleo Ndogo, kwa alkoholi yako tafuta karatasi ya taarifa za usalama kutoka kwa mtengenezaji. Huwa na sehemu 16, na wewe fungua sehemu ya 14, inayohusu usafirishaji. Utakuta UN 1219, daraja la 3, yaani vimiminika vinavyowaka. Mvuke wake huweza kushika moto hata kwenye joto la nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Hapa sidhani kama umeonewa. Nadhani chupa ndogo imekamatwa kihalali na kubwa imeponyoka, labda kwa sababu umeziandika tofauti. Hebu tazama.

Koleo Ndogo

Nimetazama, mama, na nimeona haya kidogo. Ile ndogo niliiandika "alkoholi ya isopropili asilimia 99". Ile kubwa niliiandika "kisafishio cha bodi, lita moja", na neno alkoholi linaonekana kwenye picha tu. Sikukusudia kuficha chochote. Nilikuwa nimechoka siku ile, nikafupisha.

Klarineti Kuukuu

Naongeza la kwangu ili msione kwamba tatizo ni la vitu vinavyowaka pekee. Ninauza klarineti na oboe zilizotumika, ambazo nyingi huchongwa kwa mpingo. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, na mnamo Januari 2017 jenasi karibu yote iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kwa miaka karibu mitatu kuuza klarineti nje ya mipaka kulihitaji vibali. Kisha mwishoni mwa Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake, ziliondolewa katika sharti hilo, isipokuwa zile za Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo ipo katika Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi, tangu 1992.

Kanuni imebadilika, lakini kichujio cha soko hakikuambiwa. Muda mrefu baada ya mabadiliko hayo, nikiandika jina la kisayansi la mti, tangazo huondolewa ndani ya dakika. Nikiandika "mbao nyeusi" hupita. Yaani muuzaji anayesema kweli kwa ukamilifu ndiye anayeadhibiwa, na huo ndio upuuzi ninaoulalamikia mimi, si kuwepo kwa kanuni. Hata hivyo sikuacha kuandika jina sahihi. Kila mara ninakata rufaa nikitaja tarehe ya mabadiliko na namba ya maelezo yanayohusika, ambayo ni 15, na kunakili aya moja tu badala ya kupakia waraka mzima. Rufaa fupi husomwa. Ile ndefu yenye hasira nadhani hufungwa kabla ya aya ya pili.

Mzigo Hewani

Hilo la Klarineti Kuukuu linaeleza pia wale kumi na mmoja wa Koleo Ndogo. Kuwepo kwa tangazo si ushahidi kwamba linaruhusiwa. Huenda bado halijafikiwa, huenda mwenye nalo aliwasilisha hati zamani, huenda anauza kutoka ghala la nchi nyingine ambako sera ni tofauti. Katika rufaa usiandike kamwe "mbona fulani anauza". Mkaguzi hana mamlaka juu ya faili la fulani, na sentensi hiyo humwambia kwamba huna hoja kuhusu faili lako.

Kalamu na Mhuri

Kwa wauzaji walio katika Umoja wa Ulaya wanaouza kwa wanunuzi wa humohumo, zipo haki zilizoandikwa ambazo wauzaji wengi hawazitumii. Kanuni ya 2019/1150, inayotumika tangu 12 Julai 2020, inalitaka soko litoe taarifa angalau siku 15 kabla ya mabadiliko ya masharti kuanza kutumika, na lieleze sababu linapozuia au kusimamisha huduma kwa muuzaji. Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024, inaongeza kwamba anayeondolewa tangazo apewe maelezo ya sababu, yakiwemo kama uamuzi ulifanywa kwa mashine. Majukwaa yasiyo madogo yanapaswa pia kuwa na njia ya malalamiko iliyo wazi kwa angalau miezi sita, na malalamiko hayo hayatakiwi kuamuliwa na mashine peke yake.

Hata usipokuwa chini ya sheria hizo, muundo wake ni kielelezo kizuri cha kuuliza. Andika: naomba kujua kifungu cha sera kilichotumika, sehemu ya tangazo iliyokiuka, na kama uamuzi ulipitiwa na mtu. Hayo ni maswali matatu ambayo mhudumu hawezi kuyajibu kwa sentensi ya kunakili. Piga picha ya ukurasa wa sera siku hiyohiyo, tarehe ikionekana, kwa sababu kurasa hizo hubadilika kimyakimya. Mazungumzo ya simu yafuatishe na ujumbe: "Kwa mujibu wa maelezo yako ya leo…" Mhudumu akikaa kimya, angalau una maandishi.

Kuhusu kuwaripoti wenzako, nitakupa maoni yangu yalivyo. Betri bandia au iliyovimba iripoti, kwa kuwa hapo kuna hatari kwa mtu. Lakini kuripoti ili tu nao waumie kama ulivyoumia, sitakushauri. Kutasukuma kichujio kikaze zaidi, na utakaponaswa tena wewe ndiye utakayekuwa na onyo la pili.

Bibi Stoo

Sikubaliani na Kalamu na Mhuri katika hilo la mwisho moja kwa moja. Muuzaji asiye na hati anauza kwa bei ya chini kwa sababu hakugharimia hati, na mwenye hati ndiye anayepoteza wateja. Kuripoti si husuda ukiwa umeshatimiza masharti yako. Ila utimize kwanza.

Koleo Ndogo

Narejea baada ya siku tisa. Msambazaji wangu alinitumia muhtasari wa UN 38.3 kwa modeli nne kati ya sita. Kwa mbili zilizobaki alisema "zinafanana tu", nami nikaziondoa mwenyewe. Rufaa yangu ilikuwa na mistari saba: modeli, wati-saa, namba UN 3480, kwamba ninasafirisha kwa njia ya nchi kavu pekee, hati zilizoambatishwa, na yale maswali matatu. Jibu la kwanza lilikuwa la kunakili. Nilijibu nikirudia maswali yaleyale bila kuongeza neno, na siku ya nne akaandika mtu mwenye jina, akieleza kwamba kizuizi kilitokana na tangazo langu kuwa na alama ya usafirishaji wa ndege, alama ambayo hata sikujua kwamba huwekwa yenyewe mtu anapochagua "usafirishaji wa haraka". Nimeiondoa, betri zimerudi, na onyo limefutwa.

Alkoholi imekataliwa, safari hii kwa sababu iliyoandikwa: vimiminika vya daraja la 3 vinahitaji idhini ya kundi, yaani ruhusa ya soko ya kuuza kundi hilo la bidhaa, ambayo sijaiomba. Ile chupa ya lita moja bado ilikuwa hewani jana usiku, na oda ya tatu ilikuwa imeingia. Nimemrudishia mnunuzi fedha zake na kulishusha tangazo.

Swali langu lililobaki ni kwa wenye uzoefu wa idhini ya kundi: je, karatasi ya taarifa za usalama ya mtengenezaji inatosha, au wanataka pia picha ya kifungashio chenye alama ya hatari?

Bibi Stoo

Mimi walitaka vyote viwili, na picha ya lebo walitaka iwe ya upande wenye jina la mtengenezaji. Piga pande zote nne, mwanangu, usisubiri waulize.