Kocha wa vijana akipewa timu ya wakubwa: waliomfuatilia Amunike naomba mnisaidie

WingaKushoto:
Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wa sita nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Mbagala. Nilicheza winga ya kushoto madaraja ya chini mpaka goti likanitoa uwanjani nikiwa na miaka 26. Wiki iliyopita nimeitwa na viongozi wa timu moja ya wakubwa. Ligi ya mkoa imekaribia, wanataka jibu Jumapili.

Ninayemuwaza usiku ni Emmanuel Amunike, winga wa zamani wa Nigeria. Namba yangu ileile, na yeye goti lilimtesa alipokuwa Barcelona. Kabla ya hapo alikuwa ameshafunga mabao yote mawili Nigeria ilipoifunga Zambia 2-1 fainali ya Afrika 1994, akawa Mchezaji Bora wa Afrika mwaka huohuo, na 1996 akafunga la ushindi dhidi ya Argentina, 3-2, dhahabu ya Olimpiki. Akageukia ualimu. Mwaka 2015 alikwenda Chile na vijana wa Nigeria wa chini ya miaka 17 walioshika nafasi ya nne tu barani Afrika, wakarudi na Kombe la Dunia. Mshambuliaji wao Victor Osimhen alifunga mabao 10 kwenye mashindano yale.

Akaja kwetu Agosti 2018 kuifundisha Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, hakumaliza mwaka. Je, kujua kulea watoto kunamsaidia mwalimu akikutana na wakubwa, au ni kazi nyingine kabisa?

MtotoWaTemeke:
Kocha, mimi nisingependa mtu aseme Amunike alishindwa. Tarehe 24 Machi 2019 nilikuwa Uwanja wa Taifa, nimekaa tangu saa sita, jua la utosi. Kuifunga Uganda peke yake kulikuwa hakutoshi kutupeleka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ilibidi Lesotho naye asishinde kule Cape Verde. Msuva akafunga, Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akaongeza la tatu. Baada ya hapo watu wengi pale nilipokaa macho yalikuwa uwanjani lakini masikio yalikuwa Praia, kule Cape Verde. Mzee aliyekaa mbele yangu alibana simu sikioni anasikiliza redio, kila baada ya dakika chache anageuka na kutukunjia ngumi mbili: sifuri, sifuri. Ikaisha hivyo. Yule mzee alilia. Alikuwa kijana Stars walipokwenda Nigeria 1980, na toka hapo hatukurudi tena AFCON, miaka 39.

Mwanzoni aliwaacha wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kambini, na mashabiki tulimsema sana. Kwangu mimi ule ndio ulezi wenyewe, mkubwa na mdogo wote wafike kwa wakati.

MwalimuMoro:
Nidhamu nakubali, ila swali la kocha halijajibiwa. Turudi Cairo, AFCON ya 2019, mechi ya Kenya. Msuva anatutanguliza dakika ya 6, Olunga wa Kenya anasawazisha, Samatta anaturudisha mbele papo hapo. Tumeongoza mara mbili, tumefungwa 3-2. Vijana wako wakipoteza hivyo, Jumanne unawarudisha kiwanjani unawaonyesha tulipoachia. Stars walikuwa na siku nne tu, na anayewasubiri ni Algeria. Haki isemwe pia, Senegal na Algeria waliotufunga ndio waliocheza fainali. Lakini kwa wakubwa hakuna anayekuhesabia hilo, mwezi wa saba akaondoka.

Kwa hiyo ni kazi mbili, kocha. Moja unapanda, nyingine unavuna shamba alilolima mtu mwingine. Kabla ya Jumapili waulize nani anasajili, na una wiki ngapi kabla ya mechi ya kwanza. Wakisema wachezaji wameshapatikana, ujue wanatafuta mtu wa kulaumiwa.

WingaKushoto:
Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili. Nimetoka mazoezini sasa hivi. Kuna dogo mmoja, miaka 13, kiungo, tangu Januari namwambia ageuze shingo aangalie nyuma kabla mpira haujamfikia. Miezi yote hiyo anapokea kipofu, ananyang'anywa. Leo kaangalia. Kageukia upande uliokuwa wazi, kapiga pasi, halafu akanitazama mimi kabla hata ya kuufuata mpira. Nilishindwa kusema kitu, nikapiga makofi tu.

Nimepiga simu, ni wiki tatu, na usajili umeshafungwa. Nitawaambia msimu huu niwe msaidizi, na Jumanne na Alhamisi jioni wasinitafute. MwalimuMoro, kama una zoezi zuri la kumfundisha beki wa pembeni asimame vipi timu ikiwa inaongoza, nitumie, nalihitaji kesho kutwa.