"Zima ukaguzi wa cheti" ndiyo ufundi gani huo?

Chumbageni_Binti: Wana Tanga, nimekasirika hadi kibodi inatetemeka. Yule mtaalamu wetu wa kila grupu, mnamjua, kaniandikia mbele za watu: "Cheti cha majaribio tu hicho, unajisumbua nini? Zima ukaguzi." ZIMA UKAGUZI! Klayenti ya Java, yaani programu yangu inayoita seva, imekataa cheti cha seva ya majaribio, kile kinachothibitisha kuwa seva ni yenyewe, na kosa lenyewe linajieleza: "PKIX path building failed". Yaani aliyesaini cheti hayumo kwenye orodha ya wanaoaminiwa. Kuanzia Java 9, dawa ni mstari mmoja wa kukiongeza kwenye orodha hiyo:

keytool -importcert -cacerts -alias majaribio -file seva.crt

Nenosiri la kuanzia ni changeit. Zima programu, iwashe upya, kwisha habari. Yeye anataka tung'oe mlango na bawaba zake! Ukaguzi ukizimwa, klayenti inampokea yeyote anayejifanya seva, na mstari huo wa kuzima haubaki kwenye majaribio, unapanda hadi kwenye mfumo wenye pesa za watu. "Unajisumbua nini." Mbele za watu!

Makorora_Kodi: Pole dada, ila na wewe umechafua cacerts, orodha ya wanaoaminiwa ya Java nzima. Ukiweka Java mpya, cheti chako kwaheri. Tengeneza faili lako la orodha, ielekeze programu huko kwa -Djavax.net.ssl.trustStore. Angalia tu: faili hilo linachukua nafasi ya orodha yote, tovuti za kawaida nazo zitakataliwa usipozinakili humo.

WajaLeo: Hasira zote hizi na cheti hakina hata SAN (orodha ya majina na anwani za seva ndani ya cheti), naweka dau. Ukiita seva kwa IP, anwani yake ya namba, Java inataka IP iwemo ndani ya cheti, kwa hiyo unapokitengeneza kwa openssl ongeza:

-addext "subjectAltName=IP:192.168.1.10"

Bila hiyo utakiamini cheti na bado utapigwa "No subject alternative names present".

Chumbageni_Binti: SAN ipo! Hoja ni yule bwana! Zima ukaguzi, mbele za watu!

Duga_Nyoka: Wenye Java mnadeka. Python: maktaba ya requests haisomi orodha ya mashine, inasoma ya kifurushi cha certifi. Mtu anaweka cheti Ubuntu, amri ya curl inakubali, requests inagoma, anailaumu seva. Weka kigezo cha REQUESTS_CA_BUNDLE kielekeze kwenye faili lenye cheti chako. Node ya JavaScript nayo inataka NODE_EXTRA_CA_CERTS. Kila mtu na orodha yake, huu ni uonevu!

Mikanjuni_Simu: Njooni Android muone uonevu. Tangu toleo la 7, programu haiamini cheti alichoongeza mwenye simu mpaka aliyeiandika aruhusu kwenye faili la mipangilio yake, network_security_config.

Makorora_Kodi: Na ukitengeneza cheti kwa openssl req -x509 bila -days, kinaishi siku 30 tu. Mwezi ukiisha, kilio kinaanza upya.

Mzee_Raskazone: Wanangu, mashine yangu ikikosa umeme saa inarudi miaka ya nyuma, kila cheti inasema muda wake haujaanza. Hata vya benki!

Duga_Nyoka: Shikamoo mzee. Betri ya ubao mama hiyo, CR2032.

Mzee_Raskazone: Marahaba. Ngamiani inapatikana?

WajaLeo: Kwa mafundi saa mzee, wanazo. Kagua isiwe CR2025, ni nyembamba, inacheza.