Squid Game: hivi Front Man alimpa Gi-hun kile kisu ili amsaidie au ili amvunje?

mzee_wa_sizoni

Wakuu habari za usiku. Kama hujamaliza sizoni ya tatu ya Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya kitoto na anayeshindwa anauawa, ishia hapa hapa, usije kulalamika nimekumwagia mtama, maana naongelea mpaka dakika ya mwisho.

Mi niliimaliza ilipotoka Juni 2025 kwa hasira sana, steringi kafa, nikazima simu nikalala. Sasa wiki hii dogo langu karudi kutoka chuo tukasema turudie zote tangu ile ya 2021, epi 9, halafu 7, halafu 6, jana saa nane za usiku ndo tumemaliza na kuna vitu nimeviona ambavyo mara ya kwanza vilinipita kabisa.

Kinachonisumbua ni kile kisu. Usiku wa kuamkia mchezo wa mwisho Front Man, yule bosi mwenye maski anayeendesha michezo, anamwita steringi wetu Gi-hun ofisini kwake, anavua maski, Gi-hun anakuta kumbe ni yule yule Young-il aliyekula naye, akacheza naye, akapigana naye bega kwa bega sizoni ya pili. Halafu anamwekea kisu mezani anamwambia nenda kawamalize wamelala, wewe na yule kichanga aliyezaliwa humo mchezoni mtoke salama. Mara ya kwanza nilijua ni roho mbaya tu. Ila angalieni wanavyokata picha pale, Gi-hun anatembea katikati ya waliolala, wanatuonyesha In-ho, ndo jina halisi la Front Man, enzi zake akiwa mchezaji namba 132 na yeye kapewa kisu hivyo hivyo na yule mzee namba 001 wa sizoni ya kwanza aliyekuwa mwenye michezo, na yeye alikitumia, akawachinja wote usiku akatoka mshindi. Hiyo ni 2015 kwa zile faili alizozikuta mdogo wake Jun-ho kule sizoni ya kwanza.

Kwa hiyo nadharia yangu ni hii, In-ho miaka yote anatafuta mtu mmoja tu mwema afanye alichofanya yeye, akipatikana huyo basi yeye siyo shetani, ni binadamu kama wengine. Ndo maana akaingia mwenyewe mchezoni. Ndo maana Gi-hun alipokataa yule jamaa alibaki kama kamwagiwa maji.

Kitu kingine, kura. Sizoni ya kwanza baada ya mchezo wa kwanza, wa yule mdoli anayeua wanaotikisika, wamebaki 201, kura ziko 100 kwa 100, mzee namba 001 anapiga ya mwisho anachagua X watu waende kwao. Sizoni ya pili wamebaki 365, kura 182 kwa 182, tena 001 anapiga ya mwisho, huyu sasa ni In-ho, anabonyeza O mchezo uendelee. Namba ile ile, nafasi ile ile, kidole kimeenda upande mwingine. Mzee aliwaachia waende kwa sababu alijua watarudi wenyewe. In-ho hakuwa na uhakika huo, alikuwa na shida na Gi-hun abaki mle ndani.

Nyie mnaonaje?

chuma_cha_pua

Mkuu nakuheshimu ila hapa unamsafisha muuaji. Umesahau Jung-bae? Kwenye ule mchezo wa vyumba, wa kuzunguka na muziki halafu mnakimbilia mlangoni kwa idadi, raundi ya mwisho wanatakiwa wawili na wao wako watatu, In-ho akamvunja shingo yule wa tatu mbele ya Jung-bae bila hata kupumua vizuri. Jung-bae akaona kaokolewa. Epi inayofuata huyo huyo anampiga risasi Jung-bae mbele ya macho ya Gi-hun, rafiki yake wa miaka na miaka.

Mtu anayetafuta wema hafanyi hivyo. Ile ilikuwa ni kumtoa Gi-hun roho taratibu, kwanza rafiki, halafu matumaini, mwisho anampa kisu ammalizie utu wake. Anataka kuvunja, basi.

mzee_wa_sizoni

Chuma sijasema ni mwema, nimesema anatafuta kuwa sahihi. Hivyo vitu viwili tofauti kabisa. Mtu akishaua kwa sababu fulani anaweza akaua wengine mia ili ile sababu ya kwanza isionekane uongo.

Binti Pangani

Mimi nipo na mwenye mada, ila kuna sehemu mmeiruka na ndo ya muhimu. Gi-hun hakufika kwenye kile kisu akiwa msafi. Kwenye mchezo wa kujificha, ile kombolela ya visu, alimsaka mchezaji mwenzake Dae-ho mpaka akamnyonga kwa mikono yake, kwa sababu Dae-ho alitumwa kuchukua risasi siku ya uasi akashikwa na woga hakurudi. Yote yale kamera zinaona na Front Man kakaa na kinywaji chake anaangalia. Kwa hesabu zake akasema huyu keshaiva, kashaua mmoja kwa hasira, nikimpa kisu hakatai.

Ila kati ya pale na kisu kuna mama, yule bibi Geum-ja. Jamani mimi ile sehemu niliisimamisha nikaenda kukaa nje barazani. Mama anamwona mwanae wa kumzaa kashika kisu anakwenda kwa binti aliyejifungua muda huo huo, mwanae lazima aue mmoja ili apite, na mama anachomoa ile pini yake ya nywele anamchoma mwanae yeye mwenyewe. Si kwa hasira. Mkono unatetemeka na bado anachoma. Halafu anamfuata Gi-hun anamwomba amtunze yule binti na kichanga, usiku anajinyonga. Kuanzia hapo ndo Gi-hun anarudi kuwa mtu, kabla ya pale alikuwa kimya kama jiwe.

Kwa hiyo In-ho alipiga hesabu vizuri ila hakuhesabu maneno ya bibi.

Na lile jina la uongo alilotumia In-ho mchezoni, Young-il, kwa Kikorea linasikika kama sifuri moja, yaani alijitaja namba yake mchana kweupe na hakuna aliyeshtuka.

Juma wa Gongo la Mboto

steringi hafi bana, mi nilikuwa nasubiri aamke mpaka majina yanapanda juu

mwl_ngosha

Wadau mi kilichonishika tangu mwanzo ni hiyo michezo yenyewe. Watu wanasema tamthilia ya Kikorea, ila toa lugha uone, gololi tumecheza, kuvuta kamba tumecheza, kuruka kamba, kujificha, na sizoni ya pili wakaleta pia na ule wa kurusha vijiwe juu unadaka ambao kwetu ni mdako kabisa kabisa, tofauti ni ndogo sana. Dae-ho aliudaka vile vijiwe kama hana mifupa mkononi, akasema kakulia na dada zake. Pale pale mke wangu akasema huyu siyo komandoo kama anavyojitapa, mwanaume aliyelelewa na dada watupu akaujua mdako hivyo, halafu anatetemeka bunduki zikilia, jeshini hajafika. Nikambishia. Ikawa kweli, hajawahi kuwa mwanajeshi.

Sasa kuhusu kisu. Rudini epi ya 6 ya sizoni ya kwanza, ya gololi. Gi-hun anamdanganya mzee anayejifanya kapoteza kumbukumbu, anamchukulia gololi zake moja moja, na mzee anajua anadanganywa, anamwachia. Ile ya mwisho anampa mwenyewe mkononi, anamwambia sisi ni gganbu, washirika, hakuna cha kwako wala changu. Kisha tunasikia mlio wa risasi ila mwili hatuonyeshwi! Wengine wengi walionyeshwa. Hapo ndo palikuwa pa kushtuka.

Ninachotaka kusema, ule ulikuwa mtihani wa kwanza wa Gi-hun na alifeli. Alimwibia mzee mgonjwa ili aishi. Ndo maana sizoni ya tatu mtihani ukaja tena, safari hii hakuna uongo, kisu hiki hapa, watu hawa hapa wamelala.

mzee_wa_sizoni

Mwalimu umenifungua macho, mtihani unaorudiwa hata sikuuwaza. Na mnakumbuka sizoni ya kwanza kabla ya fainali Gi-hun alishika kisu amfuate Sang-woo usingizini, na Sae-byeok, yule binti waliyebaki naye watatu, akiwa anavuja damu akamzuia, akamwambia wewe siyo mtu wa hivyo. Sizoni ya tatu kisu kiko juu ya mtu na anayemtokea machoni ni Sae-byeok yule yule na maneno yale yale. In-ho usiku wake hakuwa na Sae-byeok. Hilo tu.

Mama Nurath

Nyie mnaongea kisu mie naongea deni. Epi ya kwanza kabisa Gi-hun kashikwa chooni na wanaomdai, pua inavuja damu, wanachukua ile ile damu wanamwekesha kidole kwenye karatasi kwamba akishindwa kulipa wanachukua figo na jicho. Mtu ambaye hajawahi kukopa kausha damu anaweza akaona ni chumvi imezidi. Mimi nimekopa. Sitaji nani. Laki tatu, marejesho kila siku, nikachelewa siku nne nilipougua, wakaja watatu saa kumi na mbili asubuhi wakabeba tv, jiko la gesi na godoro la mwanangu mbele ya majirani. Karatasi nilisaini mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Kwa hiyo wakati ule wanapiga kura wanaachiwa waende kwao, halafu kati ya 201 wanarudi 187 kwa miguu yao, mie sikushangaa hata kidogo. Nilishangaa waliobaki nyumbani walikula nini.

Na In-ho naye si alianzia huko huko kwenye deni? Askari, mke mjamzito anaumwa ini, kahangaika kukopa, ikageuzwa kuwa rushwa akafukuzwa kazi. Huyu ndo alimpa mdogo wake figo lake. Mtu wa kutoa figo mpaka kuwachinja waliolala, katikati hapo kuna deni. Simtetei ila namwelewa alipoanzia.

chuma_cha_pua

Mama Nurath pole sana. Hapo sina ubishi.

Ila bado nina donge na yule mdogo mtu, Jun-ho. Sizoni mbili nzima yuko kwenye boti! Anazunguka bahari, nahodha anamzungusha makusudi, drone zinaharibiwa, sisi huku tunapiga kelele ni nahodha ni nahodha, yeye anakuja kujua mwisho. Anafika kisiwani mambo yameisha, kaka yake kambeba mtoto, anamuuliza kwa nini, kaka anageuka anaondoka. Nimekaa saa zote zile kusubiri ndugu wawili waongee na hawakuongea. Hapo mtunzi kanionea kweli.

Binti Pangani

Chuma mimi naona jibu alimpa, ila siyo kwa mdomo. Miezi sita baadaye Jun-ho anafika kwake anakuta kichanga na kadi ya won bilioni 45.6. Fedha zote za ushindi, hajagusa hata moja, na mtoto kaletwa kwake yeye, siyo kituo cha yatima. Kwa mtu kama In-ho hiyo ni barua ndefu.

Na mjue kwenye mchezo wa mwisho, pale mnarani, Gi-hun angeweza kutulia. Myung-gi, baba mzazi wa mtoto, keshaanguka. Kosa ni kwamba kitufe hakikuwa kimebonyezwa, raundi haikuwa imeanza, kwa hiyo kifo chake hakikuhesabiwa. Gi-hun akamlaza mtoto chini kwenye koti taratibu kama anamlaza kitandani, akabonyeza mwenyewe, akawatazama wale matajiri watazamaji wenye vinyago vya dhahabu akawaambia sisi siyo farasi, sisi ni binadamu, na binadamu ni... hakumalizia. Akajiachia kinyumenyume. Juma, steringi alikufa ila hawakumshinda.

Juma wa Gongo la Mboto

sawa dada ila roho inauma bado. na yule mzungu wa Los Angeles je? si ina maana michezo inaendelea Marekani, kuna sizoni ya nne?

mwl_ngosha

Yule ni mwigizaji Cate Blanchett, kaweka suti anacheza ddakji, ule mchezo wa kugonga karatasi zilizokunjwa, na jamaa uchochoroni, anampiga makofi kama yule wa Seoul aliyekuwa akiwaita watu mchezoni alivyokuwa anafanya. Mi sisomi pale kama tangazo la sizoni ya nne. Angalia In-ho yuko kwenye gari, katoka kumpelekea binti wa Gi-hun sanduku la baba yake, kile koti chenye damu na kadi, anasikia mlio wa ddakji ikipiga chini. Anafungua kioo. Wanatazamana, mwanamke anatabasamu, yeye anapandisha kioo. Kisiwa kimelipuliwa ila biashara iko pale pale, na yeye anajua.

mzee_wa_sizoni

Mwalimu kwa hiyo unasema alikuwa ameshatoka?

mwl_ngosha

Nasema sijui uso ule ni wa mtu aliyetoka au wa mtu aliyeona bosi mwenzake. Nimeirudisha nyuma mara tano. Kuna kama nusu sekunde anabana taya kabla kioo hakijapanda, kaangalieni.

mzee_wa_sizoni

Haya, bando nimeweka, dogo kalala, naenda kuitazama hiyo taya sasa hivi na ile ya ofisini kisu kinapowekwa mezani nione kama anabana hivyo hivyo. Nikimaliza naleta mrejesho.

Mama Nurath

Tupo tunasubiri. Usilale nayo.