Nani aliwaambia Kyela kuna baridi? Huu mfumo wa kuratibu watu wa kujitolea unatutia hasara

Wakuu, siku tatu najizuia nisiandike, nimeshindwa.

Nina kirikuu, nabeba mizigo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Maji yalipoanza kuingia majumbani kwa watu huko Kyela, nikajisajili kwenye ule mfumo wa mtandaoni unaokusanya watu wa kujitolea wakati wa maafa. Jina silitaji, nisije nikafungiwa. Ukiufungua unakuta ramani, ina alama nyekundu, na kila alama imeandikwa kinachohitajika. Nikasoma: "Mablanketi 60, HARAKA, Kyela." Tukachangishana pale sokoni, nikapakia, mafuta juu yangu, huyo nikakamata njia ya Uyole, Tukuyu, mpaka chini.

Sasa nambieni nyie. Aliyewahi kulala Kyela hata usiku mmoja anajua unajitanda kanga na jasho bado linakutoka. Blanketi ni za kwetu huku juu, au mpelekee mtu wa Makete atakushukuru mpaka kesho. Aliyeandika lile hitaji nina hakika hajawahi kushuka mteremko wa Tukuyu maishani mwake.

Na alama yenyewe wameichomeka katikati ya mji, wakati waliokumbwa wako huko mbele ya Ipinda. Nimezunguka saa mbili nzima nauliza bodaboda.

Nafika kwenye shule waliyohifadhiwa watu, darasa zima limejaa mabelo ya mablanketi hadi dirishani. Mama mmoja kakaa kibarazani ananyonyesha, akaangalia mzigo wangu, akacheka kwa uchovu: "Ugonile, baba. Na wewe umeleta blanketi? Tutawafunika mbu?"

Walichokuwa wanahitaji ni vyandarua, dawa ya kutibu maji kwa sababu vyoo vimefurika na visima vimeingiliwa, na taulo za kike. Kwenye ramani hakuna hata kimoja. Mtendaji wa kijiji, ambaye anakutajia kaya moja moja na idadi ya watoto wake, huo mfumo hajawahi hata kuusikia. Ana kitochi. Kujisajili kunataka barua pepe!

Nikaandika nikiwa pale pale: mablanketi yametosha, fungeni hilo hitaji, wekeni vyandarua. Jibu likaja sekunde hiyo hiyo: "Asante kwa maoni yako, shujaa! Umepata pointi 50." Pointi. Nikanunulie mafuta? Alama ikabaki nyekundu.

Halafu namba zetu za simu wamezianika humo kila mtu azione. Tangu nijisajili, zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia mpaka nne kwa siku.

Na asije mtu hapa kunidanganya eti teknolojia ndiyo kwanza inaanza. Ushahidi, ule mfumo wa kuweka taarifa za watu kwenye ramani, ilizaliwa hapo Kenya mwaka 2008. Haiti ilipopigwa na tetemeko mwaka 2010, watu walikuwa wanatuma meseji ya kawaida kwenda namba 4636 kuomba msaada, kitochi kinatosha, na Wahaiti walioko nje wakawa wanatafsiri Kikrioli na kutafuta mtaa anaousema mtu uko wapi. Nyuma ya ramani kulikuwa na watu wanaoyajua maeneo. Hapa kwetu kamati za maafa ziko kisheria mpaka ngazi ya kijiji, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ni ya 2022. Mlishindwa nini kumpigia mtendaji simu moja asubuhi na moja jioni, mkamuuliza "leo mna shida gani?"

Kama wahusika mmo humu, fungeni lile hitaji LEO. Asubuhi hii kanipigia dada mmoja, namba yangu kaitoa humo humo. Yuko Makambako, ana mabelo mawili ya mablanketi, anauliza Kyela ashukie wapi. Nimemwambia ashushe hapo hapo alipo.