Mtoto anasema kupigwa ni kufunzwa, hii imekaaje?

MkaziWaGungu: Jamani za jioni. Binti yangu yuko la tano hapa Kigoma mjini, juzi mwalimu kawauliza darasani ukatili kwa mtoto ni nini, wakataja kubakwa, kuchomwa moto, kunyimwa chakula. Kupigwa mpaka kuvimba hakutaja hata mmoja. Nikamuuliza nyumbani, akaniambia "baba ile si ukatili, ni kufunzwa". Sijalala vizuri. Haya mambo yafundishwe waziwazi toka la tatu au mnaonaje?

Ticha_Kasulu: Yafundishwe, ila msitugeuze walimu maadui. Kanuni ya 2002 ipo, viboko visizidi vinne, anachapa mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi. Ukatili uko huko kwenu, mama yuko mwaloni Kibirizi anaanika dagaa, mtoto anazurura mpaka saa mbili usiku.

MamaDagaa: We ticha hapo umenigusa pabaya. Hao dagaa ndo wamesomesha wanangu watatu na huyu wa mwisho nakaa nae hapohapo kwenye vichanja namuona kwa macho yangu. Aliyemharibu binti wa jirani yangu hakutoka mwaloni, alikuwa mjomba wake, wanaishi nyumba moja, mtu wa kuheshimiwa kabisa.

Ticha_Kasulu: Sijasema wamama wa dagaa wabaya, nimesema uangalizi.

MamaDagaa: Umesema. Rudi juu usome.

Wa_Urambo: Huku Tabora msimu wa tumbaku watoto wanaachishwa vipindi wakachume majani na hakuna anayeita ukatili. Ule utafiti wa kitaifa wa ukatili kwa watoto wa 2009 kama sikosei ulikuta karibu robo tatu ya vijana walipigwa kabla ya miaka 18, wa kike kwa wa kiume. Sasa mtoto ataitaje ukatili kitu ambacho kila mwenzake kinampata?

Ticha_Kasulu: Sisi tulichapwa tukawa watu.

BintiUjiji: Mimi nimemaliza form four juzi tu. Ile namba 116 ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, kwetu ilibandikwa ofisini kwa walimu. Ticha, nani aingie humo kunakili namba ya kumshtaki anayekaa humo? Tulikuwa tunajua kila kitu, tulichokosa ni mtu wa kumwambia asiende kumwambia mwingine.

MkaziWaGungu: Mdogo wangu, hiyo namba inapigwa bure?

BintiUjiji: Bure kaka, hata huna salio.

MamaDagaa: Namwandikia mwanangu leo nyuma ya daftari. Ticha, bado nakusubiri.