Naomba ushauri: fildi ya mazingira Mbeya au Iringa, barua tisa hazijajibiwa

Binti_Kiwira · Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Niko mwaka wa pili, shahada ya sayansi ya mazingira, chuo kimoja hapa Mbeya. Fildi inaanza katikati ya Julai, wiki nane, na mpaka leo sina pa kwenda. Tangu Machi nimetuma barua tisa, saba Dar es Salaam na mbili Arusha. Barua ni ile ile, nabadilisha jina la ofisi tu. Aliyenitafuta ni mtu mmoja, naye hakutoka ofisi yoyote kati ya hizo. Alinijia WhatsApp, akasema ananiunganisha na shirika la kimataifa, posho laki nne kwa mwezi, nitume elfu sitini ya fomu na bima. Nilituma elfu thelathini iliyokuwa imebaki kwenye bumu, ile hela ya mkopo wa chuo. Namba haipatikani tena. Mama sijamwambia.

Naomba mnisaidie kujua huku kwetu nyanda za juu kusini ni ofisi gani zinapokea wanafunzi wa mazingira, na kama kujitolea bila malipo kuna faida au ni kupoteza muda. Halafu nina ndoto ya kwenda kusoma shahada ya pili nje, sijui mtu anaanzia wapi.

Nyumbani ni Kiwira, Rungwe. Siogopi matope wala kutembea. GPS tumefundishwa, ila kifaa kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa 48, nilikishika mara moja.

Mstaafu_wa_Maji · Jumapili, saa 3:52 usiku

Marahaba binti. Pole sana kwa hiyo hela. Ule ujumbe wa tapeli utume kwenda 15040, ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli wa simu. Na mwambie mama. Elfu thelathini inauma, lakini inauma zaidi ukiibeba peke yako.

Sasa nijibu maswali mawili. Hiyo barua yako inasema utafanya nini ukifika? Na huko Kiwira unakotoka, kuna kitu gani cha mazingira kimebadilika tangu ukiwa mdogo?

Binti_Kiwira · Jumapili, saa 4:20 usiku

Asante mzee wangu. Barua inasema "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako tukufu ili kukuza taaluma yangu". Basi.

Kilichobadilika ni chemchemi. Kuna chemchemi chini ya nyumba ya bibi, maji yanatoka kwenye mwanzi uliopasuliwa katikati. Nikiwa darasa la tatu, unaweka ndoo, unakunja kata ya kujitwisha, ukigeuka imejaa. Sasa hivi ikifika Oktoba watu wanapanga foleni kuanzia saa 10 alfajiri, na mwanzi unatoa uzi mwembamba kama wa kumwaga mafuta ya taa kwenye koroboi. Juu yake mjomba alipanda mikaratusi, anauza nguzo. Kutoka mwanzini mpaka mti wa kwanza nimewahi kuhesabu, hatua zangu 22.

Mstaafu_wa_Maji · Jumapili, saa 5:05 usiku

Binti, umenifanya niketi vizuri kwenye kiti. Hiyo ndiyo barua yako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji kama zinaweza kukidhuru. Hatua 22 haziwezi kufika mita 60 hata uwe twiga. Mkaratusi unakua haraka, na mti unaokua haraka unakunywa haraka, mizizi yake inashuka mbali. Lakini usiende kumwambia mjomba hivyo leo. Wewe bado hujapima kitu. Mvua zinabadilika, watu wameongezeka, huenda na mashamba ya juu yamefunguliwa. Pima kwanza.

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yako. Weka ndoo chini ya mwanzi, anza kuhesabu muda, simamisha ikijaa. Rudia mara tatu, chukua wastani, gawa 20 kwa sekunde ulizopata. Hizo ni lita kwa sekunde. Andika tarehe, saa, na kama jana yake mvua ilinyesha. Fanya hivyo siku ile ile ya kila wiki, saa ile ile, kabla watu hawajaanza kuteka. Kama huwezi kuwepo, mfundishe mdogo wako. Nilifanya kazi ya maji zaidi ya miaka thelathini, na nakuambia tulikuwa na vyanzo vingi kwenye makaratasi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvipima hata mara moja.

Na umetuma barua mbali mno. Mto Kiwira unamwaga Ziwa Nyasa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ofisi yake iko Tukuyu. Kwako ni nauli ya kosta moja. Bonde la Ziwa Rukwa wako hapo hapo Mbeya mjini. Halafu halmashauri yako ina afisa mazingira na afisa misitu. Barua mwandikie Mkurugenzi Mtendaji, ipitie chuoni kwako, lakini ipeleke kwa mkono. Vaa vizuri, fika saa 2 asubuhi, omba kuonana na afisa mwenyewe dakika tano. Barua inayokuja na miguu inasomwa.

Dada_Matamba · Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Namuunga mkono mzee. Mimi natoka Matamba, Makete, kule unakopanda kona hamsini na saba kutokea Chimala. Nilisoma cheti cha misitu, fildi nilifanya kwenye kitalu cha miche. Siku ya kwanza nilipewa viriba na udongo, nikajaza mpaka vidole vikapasuka kwa baridi ya Juni. Nilitaka kulia. Wiki ya tatu msimamizi akaniuliza kwa nini mstari mmoja unaota vizuri kuliko mwingine, nikaanza kuangalia. Kumbe mbegu za mstari ule zililowekwa usiku kucha. Niliandika kila kitu kwenye logibuku, lile daftari la kumbukumbu za fildi, na kwenye usaili wa kazi ninayofanya sasa hiyo logibuku ndiyo niliyoiweka mezani.

Mdogo wangu, huku kwetu ni darasa tosha. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na ndani yake yupo kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 wakati wawindaji wa vijiji vya huko walikuwa wanamjua siku zote. Anaishi Rungwe na Livingstone, na wengine wachache Udzungwa, hana kwingine duniani. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua. Bibi zetu wanaiita Bustani ya Mungu. Shida yake kubwa ni watu kuchimba viazi vya okidi kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, vinavushwa kwenda Zambia. Nimekutana na mama na mtoto wake wakitoka kuchimba, gunia nusu, na kila kiazi kimoja ni ua moja ambalo halitachanua Januari. Sikuwachukia. Walikuwa wanatafuta ada. Ila mwanafunzi wa mazingira anayejua kuzungumza na mama kama yule kwa lugha ya nyumbani anahitajika kuliko mwenye kuandika ripoti ya kurasa mia.

Tahadhari moja tu: ukitaka kufanya utafiti ndani ya hifadhi ya taifa unahitaji kibali, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) wanahusika, na kibali hakitoki kwa wiki mbili. Chemchemi ya bibi yako haina geti.

Kihesa_Juu · Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Kamwene wote. Mimi nitasema upande wa pili, naomba msinielewe vibaya.

Nilijitolea miezi 14 kwenye shirika moja, silitaji. Nilikuwa najaza orodha za mahudhurio, nachemsha chai ya semina, nafungua ofisi na kufunga. Nauli yangu mwenyewe, chakula changu mwenyewe. Baba alikuwa anauza mahindi ili mimi niende kazini bure. Nilipoomba barua ya utambulisho nikaambiwa msimamizi amehama. Sina karatasi hata moja ya ile miezi.

Kwa hiyo binti, jitolee, ila kwa muda unaojulikana, na kabla hujaanza pata kwa maandishi: unafanya kazi gani, chini ya nani, kwa muda gani, nani analipa nauli ukipelekwa kijijini, na mwisho utapewa barua. Ofisi ya kweli haikasiriki ukiuliza. Ikikasirika umepata jibu lako mapema. Mtoto wa mkulima hana akiba ya kupoteza mwaka.

Kama ukikosa Tukuyu, huku Iringa ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Na kama unapenda maji, hakuna somo kubwa kuliko Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabaki wamebanana kwenye madimbwi. Juu kuna mashamba ya mpunga ya Usangu na kinamasi cha Ihefu, chini kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu wanaosubiri maji hayo hayo kwa ajili ya umeme. Mkulima wa Mbarali ana hoja, kiboko ana hoja, na anayewasha taa Dar ana hoja. Mafinga pia kuna shamba la miti la Sao Hill la TFS, ni kubwa, wanafunzi wengi hupita hapo. Geto kwa wiki nane tafuteni wawili watatu mchangie.

Mnyalu_Ujerumani · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Kihesa_Juu pole sana kaka, na umesema kweli.

Kuhusu kusoma nje. Mimi ni mtoto wa Ilula, niko Ujerumani kwa udhamini wa DAAD, shirika la Wajerumani linalosomesha wanafunzi wa nje. Programu zile za uzamili kwa watu wa nchi zetu zinataka angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo ukimaliza chuo usikate tamaa kwamba umechelewa, muda huo ni sehemu ya safari. Erasmus Mundus, ule udhamini wa Umoja wa Ulaya, ni tofauti, programu zake nyingi zinaruhusu aliye mwaka wa mwisho kuomba. Waombaji ni wengi kutoka dunia nzima, tena wengi wana GPA nzuri. Mimi kwenye barua yangu niliandika kuhusu vinyungu vya babu, jinsi anavyolima bondeni kiangazi na jinsi unyevu ulivyokuwa ukipungua, nikaweka vipimo vyangu vya udongo vya misimu miwili. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu vinyungu tu, dakika ishirini nzima.

Wewe ukiweka vipimo vya chemchemi vya mwaka mzima, kila wiki, huna haja ya kusema unapenda mazingira. Vipimo vinasema.

Mengine ya kufanya ukiwa chuoni: jifunze QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Chora kijiji chenu kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, weka na chemchemi. Tengeneza pasipoti mapema ukipata hela. Chagua walimu wawili wakujue kwa kazi yako, maana barua ya pendekezo ya mwalimu asiyekujua inajulikana kwa mistari miwili ya kwanza. Na udhamini wa kweli hauombwi kwa M-Pesa ya mtu binafsi.

Binti_Kiwira · wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa 12:45 jioni

Wakuu, ndaga fijo, asanteni sana. Narudi na mrejesho.

Mama nilimwambia. Alinyamaza, akaenda kuosha vyombo, halafu akarudi akasema, "Sasa hiyo barua mpya umeiandika?"

Niliandika upya, ukurasa mmoja, nikaanza na chemchemi, hatua 22 na mwanzi. Nilipeleka ofisi mbili kwa mkono. Ya kwanza waliniambia nafasi zimejaa, lakini afisa aliisoma mbele yangu na akanielekeza ya pili. Ya pili nimepokelewa. Naanza Jumatatu tarehe 14 Julai. Posho hakuna, ila nauli ya kwenda mtoni wanatoa, na nimepewa kwa maandishi kama Kihesa_Juu alivyosema. Kaka, kweli hawakukasirika. Kazi yenyewe ni kusoma kipimo cha kina cha maji asubuhi na jioni, na kutembelea jumuiya za watumia maji.

Jumamosi iliyopita na leo nimepima. Leo ndoo ilijaa kwa sekunde 52, 55, halafu 53. Wastani nimepata lita 0.375 kwa sekunde.

Mjomba alikuja nikiwa hapo. Sikumwambia habari ya sheria. Alisimama juu ya ukingo akiangalia, mwisho akashuka, akauliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akasema nimpe simu ashike yeye ili mimi nishike ndoo isiyumbe. Mara ya tatu, ile ya 53, ni yeye aliyehesabu. Aliniuliza zamani ingekuwa ngapi. Nikamwambia hakuna aliyeandika. Akaangalia juu kwenye miti yake, hakusema kitu, akanisaidia kujitwisha.

Mstaafu_wa_Maji · Jumamosi, saa 1:20 usiku

Hongera sana mwanangu. Jumamosi ijayo mpe mjomba simu tangu mara ya kwanza.

Sasa niambie, hiyo lita 20 umeipima au umesoma kwenye ndoo? Ndoo za plastiki za sokoni nyingi zikijaa mpaka mdomoni zinapitiliza. Chukua chupa ya lita moja na nusu, mimina mara 13, halafu ongeza nusu lita. Pale maji yalipofika kwaruza alama kwa msumari, na uwe unasimamisha saa kwenye alama hiyo. Vile vipimo viwili vya kwanza usivifute. Andika pembeni kwamba vilipimwa kabla ya alama.